Sayyid Barghash: Sultani aliyeleta maji Mji Mkongwe

Mwezi wa Juni mwaka 1875, jiji la London lilimpokea mgeni aliyekuwa gumzo la magazeti yake kwa wiki kadhaa. Alikuwa Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Malkia Victoria alimkaribisha katika kasri la Windsor. Wenyeji wake walimtembeza Crystal Palace, wakampeleka Manchester kuona viwanda na Liverpool kuona bandari.

London aliyoiona Sayyid Barghash ilikuwa imetoka katika msiba mkubwa wa maji. Mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha kwamba wakazi wa mtaa wa Soho waliokuwa wakifa kwa kipindupindu walikunywa maji ya pampu moja, ile ya Broad Street. Kiangazi cha mwaka 1858, joto liliufanya mto Thames unuke kiasi cha kuwasumbua wabunge ndani ya Bunge lao. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ili kuyatenga maji machafu na yale ya kunywa. Sultani alipofika, kazi hiyo ilikuwa inafikia tamati.

Mgeni huyo naye alitoka katika mji uliokuwa na kilio hicho hicho. Vitabu vingi vya historia humkumbuka kama mtawala aliyepokonywa himaya yake na mataifa ya Ulaya. Lakini kwa wakazi wa mji wa Unguja, jambo lililogusa maisha yao ya kila siku lilikuwa jingine: Sayyid Barghash aliwaletea maji safi.

Mtoto wa kasri

Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi.

Alikulia baina ya tamaduni nyingi. Ndani ya makasri ya baba yake kilisikika Kiarabu, Kiswahili, Kihabeshi na lugha nyinginezo, na Uajemi nayo ilikuwa na nafasi yake. Sayyid Said alimwoa Sherzad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi na mjukuu wa Shah Fath Ali. Kwa ajili yake yalijengwa mabafu ya Kidichi, juu ya kilima katikati ya mashamba ya mikarafuu. Kuta zake zilipambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege, kazi ya mafundi wa Kiajemi. Ndoa hiyo haikudumu, lakini mabafu yamesimama hadi leo.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba mwaka 1856, akiwa njiani kurudi kutoka Oman. Barghash alikuwa pamoja naye melini. Jahazi la msiba lilipokaribia Unguja, kijana huyo alijaribu kutwaa madaraka kabla ya ndugu yake Majid kupata habari, lakini hakufaulu.

Miaka mitatu baadaye alijaribu tena, safari hii kwa uasi wa wazi. Dada yake Salme, aliyekuwa msichana mdogo anayejua kuandika, alimtumikia kama katibu. Wafuasi wake walijichimbia katika shamba lililoitwa Marseilles, wakashindwa baada ya wanamaji wa Kiingereza kumsaidia Majid. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay.

Bombay na kisima kilichoua

Uhamisho huo wa miaka miwili ulikuwa adhabu, lakini ulikuwa pia shule. Bombay ilikuwa mji wa bandari kama Unguja, wenye joto, msongamano wa watu na maradhi. Mwaka 1860, Barghash akiwa bado huko, maji ya ziwa jipya la Vihar yalianza kufikishwa mjini kwa mabomba ya chuma. Mji uliokuwa ukitegemea visima na madimbwi ukaanza kufungua mifereji ya bomba.

Aliporudi Unguja mwaka 1861, hali ya nyumbani ilikuwa ile ile. Mji Mkongwe ulikuwa umejengwa juu ya rasi nyembamba, bahari upande mmoja na hori la maji ya chumvi upande wa pili. Mvua ni nyingi kisiwani, lakini ardhi ya mawe ya matumbawe huyanywa maji upesi. Visima vya mjini vilikuwa vifupi, vingi vikiwa na ladha ya chumvi, na vilichimbwa karibu na vyoo na makaburi. Waliokuwa na uwezo waliletewa maji kutoka mbali, yakiwa yamebebwa kichwani na watumwa na vibarua. Wasiokuwa na uwezo walikunywa walichokipata.

Gharama ya hali hiyo ilihesabiwa kwa roho za watu. Kipindupindu kiliipiga Zanzibar mwaka 1821, kikarudi miaka ya 1830 na tena mwaka 1858. Wimbi la mwaka 1869 na 1870 lilikuwa baya kupita yote, likaua maelfu ya watu mjini na mashambani. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maafa hayo, akieleza kwa urefu uchafu wa visima vya mji.

Majid alifariki Oktoba mwaka 1870, na Barghash akakalia kiti alichokitamani kwa miaka kumi na minne. Mji aliourithi ulikuwa bado unawazika wafu wake.

Elimu ya jangwani

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, yafaa kutazama walikotoka wazee wake na majirani zao wa Uajemi.

Katika nyanda kavu za Uajemi, watu walijifunza kale sana kwamba maji yakiachwa juani hupotea. Kwa hiyo waliyapitisha chini ya ardhi. Fundi alichimba kisima kirefu chini ya mlima hadi kuyafikia maji, kisha akatoboa njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo sana, iliyokwenda maili nyingi hadi kijijini. Kila baada ya hatua kadhaa palichimbwa shimo la kuingizia hewa na kutolea udongo. Maji yalitiririka yenyewe, mchana na usiku, bila pampu wala mnyama wa kuyavuta. Njia hiyo huitwa kanati.

Mjini, maji hayo yalihifadhiwa katika mabirika ya chini ya ardhi yaliyofunikwa kwa kuba. Juu ya nyumba palisimamishwa minara ya kunasa upepo, ambayo iliuteremsha hadi vyumbani, mara nyingine ukipita juu ya dimbwi ili upoe. Kuta zilikuwa nene, njia nyembamba, na nyumba ziliuzunguka ua wenye kivuli. Hata barafu ya usiku wa baridi ilihifadhiwa ndani ya majengo mazito ya udongo hadi kiangazi.

Oman nayo ilikuwa na mifereji ya aina hiyo, inayoitwa falaji. Maji yake hugawanywa kwa zamu, na wenyeji walipima zamu hizo kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Kabla ya maji kufika kwenye mitende ya mtu yeyote, kwanza hupita mahali pa kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuogea. Utaratibu huo una maana kubwa: maji ya shamba yana mwenyewe, lakini maji ya kunywa ni ya wote.

Pwani ya Waswahili haikuwa tupu katika mambo haya. Karne nyingi kabla ya utawala wa Oman, Kilwa ilikuwa na kasri la Husuni Kubwa lenye dimbwi la kuogea la pembe nane, na Gedi ilikuwa na visima na vyoo vilivyojengwa kwa mawe. Kila msikiti ulikuwa na birika lake. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, dimbwi la kupoza upepo lisingesaidia kama linavyosaidia jangwani. Kilichofaa Unguja ni kivuli na upepo wa bahari: vichochoro vyembamba, kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za juu, na roshani.

Maji yaingia mjini

Barghash alianza utawala wake kwa misukosuko. Aprili mwaka 1872, kimbunga kilivunja meli zilizokuwa bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, Uingereza ilimlazimisha kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, huku ikitishia kuifunga bandari yake. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Utumwa wenyewe, hata hivyo, uliendelea mashambani, na tusisahau kwamba utajiri wa karafuu uliogharimia kazi za Sultani ulitokana kwa sehemu kubwa na jasho la watu wasiokuwa huru.

Kutokana na utajiri huo alinunua meli za moshi zilizoleta bidhaa kutoka Bombay, akaleta matbaa ya kuchapa vitabu vya dini na sheria, akatengeneza barabara. Na akayashughulikia maji.

Maji yaliletwa kutoka chemchemi ya Chem Chem, nje ya mji, kwa mfereji na mabomba ya chuma. Chemchemi ikiwa juu na mji ukiwa chini, maji yalishuka kwa uzito wake mwenyewe, kama yashukavyo katika falaji. Bomba lilikuwa la zama za viwanda, lakini kanuni ilikuwa ile ya wachimbaji wa jangwani: yachukue maji pale yalipo safi, yafunike njiani, uyafikishe kwa watu kabla hayajachafuka.

Kwa mara ya kwanza, mkazi wa kawaida wa Mji Mkongwe aliweza kuchota maji ya chemchemi bila kununua kutoka kwa mchukuzi na bila kukitegemea kisima kilichopakana na choo cha jirani.

Kazi nyingine ya maji aliyoiacha ni mabafu ya umma ya Hamamni. Sultani alimpa kazi hiyo Haji Gulamhussein, mjenzi kutoka Uajemi. Mabafu ya Kidichi yalikuwa ya bibi mmoja wa kifalme, lakini haya ya Hamamni yalikuwa ya watu wa mji, wanawake kwa nyakati zao na wanaume kwa zao.

Mwogaji alianza katika chumba cha kuvulia nguo, akapita kwenye vyumba vilivyozidi kuwa na joto, kisha akamalizia katika maji baridi. Moto uliwashwa pembeni na joto lake likapitishwa chini ya sakafu. Kuta nene zililihifadhi, na matundu madogo ya kuba yaliingiza mwanga bila kuutoa mvuke wote. Mtu atokaye jua kali la Unguja huenda akashangaa kwamba alikwenda kutafuta joto zaidi. Lakini jasho likishatoka na mwili ukamwagiwa maji baridi, upepo wa kawaida wa jioni huhisiwa kama neema. Hiyo ilikuwa hekima ya hamamu tangu Uajemi.

Kwa nafsi yake, Sultani alijenga kasri la Maruhubi, kaskazini ya mji, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Lilikuwa na mabafu ya Kiajemi, madimbwi na mfereji wa maji uliobebwa juu ya matao. Mwaka 1883 likakamilika Beit al-Ajaib, jengo la nguzo za chuma na roshani pana zilizolizunguka pande zote, ambako upepo wa bahari ulipita bila kizuizi.

Dada aliyekuwa jirani

Turudi London, kwani ziara ile ya mwaka 1875 ilikuwa na upande wake wa huzuni. Wakati Sultani akipokewa kwa heshima, Salme, yule dada aliyemwandikia barua za uasi, naye alikuwamo katika jiji hili. Alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na kubatizwa kwa jina la Emily. Mume wake alifariki mwaka 1870 katika ajali, akamwachia watoto watatu wadogo na maisha ya dhiki.

Salme alikuja London akitumaini kuonana na kaka yake na kupatana naye. Bartle Frere, mwanadiplomasia yule yule aliyepelekwa Unguja kudai mkataba wa watumwa, alimshawishi asimkaribie Sultani, ili ziara isiharibike. Ndugu hao wawili waliondoka London bila kuonana.

Baadaye Salme aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Humo alieleza maisha ya kasri la Mtoni, mto uliopita uani na mabafu waliyoogea utotoni. Ziara ya Barghash nayo iliandikwa kitabu kwa Kiarabu kutokana na kumbukumbu za katibu wake, Zahir bin Said, na kikachapwa hapa hapa London.

Bara lapotea

Heshima aliyopewa Windsor haikumlinda. Mwishoni mwa mwaka 1884, Carl Peters aliingia bara na kutia saini mikataba na machifu kadhaa, na miezi michache baadaye serikali ya Ujerumani ikatangaza kuyalinda maeneo hayo. Barghash alilalamika. Agosti mwaka 1885, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, zikiwa tayari kupiga mizinga. Salme naye aliletwa Unguja wakati huo, akitumiwa kama kitisho dhidi ya kaka yake.

Waingereza, ambao Barghash aliwategemea, walimshauri akubali. Mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zikagawana bara baina yao. Sultani aliachiwa visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na baadhi ya miji ya kaskazini. Njia za misafara zilizofika hadi maziwa makuu, na ambazo baba yake na yeye walizihesabu kuwa zao, zikawa mali ya wengine. Wenyeji wa bara hawakuulizwa na upande wowote.

Safari ya mwisho

Mtu aliyeona hayo hakuwa tena yule kijana wa Marseilles. Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa maradhi ya muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alipanda meli kwenda Oman, katika nchi ya wazee wake, kutafuta nafuu katika chemchemi za maji moto za Bausher, karibu na Muscat.

Nafuu haikupatikana. Alirudi Unguja mwezi wa Machi mwaka huo huo, akafariki muda mfupi tu baada ya kuwasili, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Ndugu yake Khalifa alichukua nafasi yake, na baada ya miaka miwili Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Kilichobaki

Majengo yake hayakupata bahati moja. Kasri la Maruhubi liliteketea kwa moto mwaka 1899. Leo zimebaki nguzo zake na magofu ya mabafu. Beit al-Ajaib liliponea mizinga ya Waingereza mwaka 1896, likawa ofisi za serikali na kisha jumba la makumbusho, lakini sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba mwaka 2020 na kuua watu. Mabafu ya Hamamni yaliacha kutumika mwaka 1920. Wageni huingia kuyatazama, wakapita kutoka chumba hadi chumba, na kukuta madimbwi makavu.

Elimu iliyoyazaa imepata heshima mpya mahali ilipotoka. Mwaka 2006, shirika la UNESCO liliingiza mifereji mitano ya falaji ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2016 likaongeza kanati kumi na moja za Iran. Baadhi yake bado hutoa maji.

Mji Mkongwe nao umo katika orodha hiyo tangu mwaka 2000. Mji umekua kupita mipaka ambayo Sultani angeweza kuifikiria, na wakazi wengi wa Unguja bado hujaza ndoo na mapipa pale maji yatokapo, kwa kuwa hawana hakika yatatoka tena lini. Kwao, swali alilokabiliana nalo Sayyid Barghash mwaka 1870 halijawa historia.

Bara alilopigania lilichukuliwa katika uhai wake. Lakini mtaa wenye mabafu yale bado unaitwa Hamamni, na wapo wanaolitaja jina hilo kila siku bila kukumbuka kwamba lilianza na Sultani mmoja, mjenzi mmoja wa Kiajemi, na maji ya chemchemi yaliyoletwa mjini kwa bomba.